Asemwaye na Asikie

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Mlima uliolala, ukaota falme nne!

Haya, tulieni. Hapo kale, kale nyepesi kama usingizi wa alfajiri, palikuwa na mlima uliojifunika ukungu mwaka mzima. Huko juu neno halikupotea. Lilitoka kinywani likaelea kama moshi, kila lugha na rangi yake.

Falme nne za mlima huo zilichoka kupigana, zikaungana, zikajenga baraza kileleni. Wasondo, Wabuluma, Wazindu na Wadundwe. Wadundwe walikuwa wachache, ufalme wao wa jina tu, hata mfalme hawana. Ila walikuwa watani wa wote. Hakuna msiba waliokosa kwenda kutania, basi lugha zote walizijua. Na mtani, mnajua wenyewe, akikutukana unacheka. Ukikasirika, aibu yako.

Siku hiyo Sikudhani, mwanamke wa Kidundwe, alipanda mlima na jambo moja kifuani. Mfalme Mgunda wa Wasondo alikuwa ameizungushia boma chemchemi ya Wadundwe, anyweshe ng'ombe wake. Watoto wa Wadundwe wakawa wanalamba umande majanini.

Mlinzi akamzuia. "Bado, dada. Lugha ya baraza haijachaguliwa. Na neno lisilo la lugha ya baraza ni ukungu tu."

Ndani, kila mtawala amekaa na watu wake, Mgunda akajipiga kifua: "Yangu!" Moshi mwekundu ukapanda. Mfalme Lyoba wa Wabuluma: "Yangu!" Moshi wa manjano. Malkia Nyanzala wa Wazindu: "Yangu!" Moshi wa buluu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, lakini "yangu" haihitaji mkalimani. Wakalala, wakaamka: yangu, yangu, yangu. Wakalala tena, wakaamka: yangu, yangu, yangu. Wafalme hao, au vifaranga? Wewe unayecheka, nyamaza, mambo haya yanaudhi!

Sikudhani akachoka. Akampita mlinzi, akasimama katikati ya rangi zile kama mtu aliye ndotoni.

Akasema kwa Kibuluma: "Tazameni pua ya Mgunda! Mvua ikinyesha, wanawe hujikinga humo." Wabuluma wakaanguka kwa kicheko.

Akasema kwa Kizindu: "Lyoba aliposa mbuzi. Mbuzi akaomba muda wa kufikiri." Wazindu hoi.

Akasema kwa Kisondo: "Nyanzala akiimba kuomba mvua, mawingu hukimbia." Wasondo wakashika mbavu.

"Amesema nini juu yangu?" akafoka Mgunda. Lyoba naye vilevile. Nyanzala naye vilevile.

"Ah, watani wangu," Sikudhani akamjibu kila mmoja kwa lugha yake, "si ukungu tu? Mnaukimbilia nini?"

Wangemfanya nini? Mtani huyo! Mgunda akapiga mguu chini. "Naapa kwa makaburi ya wazee! Kinachosemwa juu yangu nitakisikia kwa lugha yangu!" Lyoba akaapa. Nyanzala akaapa.

"Basi ndiyo sheria," akasema Sikudhani kwa lugha zao zote tatu. "Msemaji aseme kwa lugha yake, asemwaye asikie kwa yake. Zote nne ni lugha za baraza. Au kiapo kina nguvu kwa wenye taji peke yao?"

Wote watatu wakakubali shingo upande. Viapo vya makaburini havirudi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ndipo akawapa matusi yao, kila mtu lake kwa lugha yake. Wakacheka mpaka machozi.

Mgunda angali anacheka, Sikudhani akasema jambo lake kwa Kidundwe, polepole. Moshi wa kijani, usiopata kuonekana barazani, ukatanda mpaka darini. Kisha akamgeukia, akalirudia kwa Kisondo: "Watoto wetu wanalamba umande, Mgunda. Boma lako limewazuia maji."

Kicheko kikakatika. "Huu nao ni utani?"

"Huu si utani, mtani wangu."

Mgunda akatazama huku, akatazama kule. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Hakuweza kusema hakusikia.

Boma likabomolewa kabla ng'ombe hawajarudi kunywa.

Hadithi yangu imeshuka mlimani. Ikikupendeza, kaisimulie kwa lugha ya kwenu. Isipokupendeza, niambie usoni, nikusikie!