Kikapu cha Luka

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi kusemezana, bali zamani ya juzi ambayo baadhi ya walioiona bado wanapanda maharage, palikuwa na kilima kiitwacho Nakishungu. Sisi wa ukoo wa Mwinjilisti tunaisimulia habari hii kama tulivyoipokea. Tusichokijua tutasema hatukijui.

Mwinjilisti Bulambo alipanda kilima hicho akitokea kando ya ziwa, yeye na mkewe Apolina na begi moja. Kanisa lilimtuma akae miaka miwili. Alikaa kumi na tisa. Aliwakuta watu wakisali kwa lugha ya kuazima, wakiitikia amina mahali wasipoelewa. Akasema, "Mungu hahitaji mkalimani ili azungumze na Nakishungu." Akanunua madaftari sita, akaanza kuiandika Injili ya Luka kwa lugha ya kilima.

Lakini pale Nakishungu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Lazima awepo mwitikiaji, akae mbele ya msimulizi, aseme "Ndiyo" penye ndiyo na "Sivyo" penye sivyo. Bila mwitikiaji maneno ni upepo. Bulambo akamwomba Mama Nabintu, mjane asiye na mtoto, asiyejua a wala be, awe mwitikiaji wake.

Bulambo akasoma, "Mchungaji akamtafuta kondoo wake."

"Sivyo," akasema Nabintu.

"Kwa nini sivyo, Mama?"

"Kondoo si sindano. Kondoo huitwa. Andika kwamba alikwenda akimwita."

Bulambo akafuta, akaandika upya. Hivyo sura ya kwanza, hivyo ya pili, hivyo ya tatu. Miaka minane wakakaa wakitazamana, mpaka sura ishirini na nne zikatimia.

Jirani yao alikuwa Kashera, mpika pombe ya ndizi. Alikuwa na mashimo manne ya kuivishia ndizi, na kila Jumapili Bulambo aliyahubiri mashimo hayo, akiyaita mdomo wa Jehanamu. Kashera hakuingia kanisani, ila alikaa nje ukutani akisikiliza. Siku akikosa kutajwa, alipaza sauti: "Mwinjilisti! Leo umenisahau, au mahubiri yamekuishia?"

Kisha vita vikaja.

Bunduki ziliposikika bondeni, Bulambo alikuwa kitandani na homa. Apolina hakuweza kumbeba mume na madaftari pamoja. Akakimbilia kwa Kashera.

"Shemeji, nifichie kitabu hiki."

"Mumeo alisema mashimo yangu ni mdomo wa Jehanamu."

"Alisema, shemeji."

"Basi leo Jehanamu itamtunzia kitabu. Lete."

Kashera akayatia madaftari ndani ya chungu, akakifunga mdomo kwa ngozi ya mbuzi, akakishusha katika shimo la nne. Juu yake akapanga ndizi mbichi na majani makavu, kwa maana shimo lisilo na ndizi lingemshangaza mtu yeyote aliyelelewa migombani. Akafukia.

Watu wakakimbilia msituni. Kashera akabaki. Wenye bunduki wakafika, wakalichoma kanisa, wakadai pombe. Akawapa pombe yote ya mashimo matatu. Wakadai ya shimo la nne. Akasema ndizi hazijaiva. Wakampiga hadi jicho lake la kushoto likazima. Akasema ndizi hazijaiva. Wakamfukuza kilimani akiwa na nguo aliyovaa.

Miongoni mwao alikuwamo mtu wa ng'ambo ya mto, jina lake Birindwa. Mama yake alizaliwa Nakishungu, akaolewa ng'ambo, akafia huko. Hatumfichi: ni mkono wa Birindwa uliotia kiberiti kwenye paa la kanisa. Siku ileile alipewa nondo achome ardhi atafute mali iliyofichwa, na nondo yake ikagonga chungu. Akafukua. Akafungua. Akasoma mstari wa kwanza, na ule mstari ulikuwa katika lugha ya mama yake, ambayo hakuwahi kuiona imeandikwa popote.

"Kuna nini humo?" mkubwa wake akauliza kwa mbali.

"Ndizi mbichi, afande."

Birindwa akachana upindo wa shati lake la kijeshi, akaufunga shingoni mwa chungu ili ngozi ikaze, akazirudisha ndizi, akafukia. Lakini mwenzake alikuwa amemwona, akamshitaki walipokwisha kushuka kilimani. Wakamvunja mguu, wakamwacha njiani.

Msituni watu walikaa miaka miwili. Bulambo alifariki mwezi wa tano, na kaburi lake tunalijua. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchimba viazi mwitu, Mama Nabintu aliwakusanya akasema sura moja kutoka kichwani, na Apolina akamwitikia. Ishirini na nne zikiisha, anarudi ya kwanza. Tunasema kwa kujivuna, na hatuombi radhi: watoto wa Nakishungu walimjua Luka kabla ya kuijua chumvi.

Vita vilipotulia wakarudi. Kashera akarudi na jicho moja, akalifukua shimo mbele ya watu wote. Upindo wa shati ulikuwapo shingoni mwa chungu, na hakuna aliyejua ulitoka wapi. Lakini ndizi zilikuwa zimeiva, zikaoza, maji yake yakapenya ngozi. Sura kumi na tano zilisomeka. Tisa zilikuwa zimeshikana kama ugali wa jana.

Kashera akakaa chini. "Ndizi zangu," akasema. "Mimi na ndizi zangu."

Ndipo Nabintu akamwita mwalimu wa shule, akamwambia, "Shika kalamu." Akazisema sura tisa, na mwalimu akaandika. Walipofika kwa yule kijana aliyepotea na kurudi nyumbani, baba akamkimbilia, na mama akasimama mlangoni ameshika maji ya kunawa.

Mwalimu akainua kalamu. "Mama, katika Biblia ya Kiswahili huyo mama hayumo."

"Katika ya Bulambo yumo. Nilimwambia, 'Katika nyumba hiyo anapika nani?' Akacheka, akaandika."

Je, aliandika? Kurasa zile zilikuwa zimeoza. Tusichokijua tumeahidi kusema hatukijui. Mwalimu aliandika.

Kitabu kikapelekwa ziwani kupigwa chapa. Kanisa likajengwa upya, udongo na bati. Siku ya kulifungua ikafika, na nakala ya kwanza ikawekwa ndani ya kikapu.

Sasa sikilizeni desturi. Nakishungu nyumba mpya haiingiwi mikono mitupu. Kikapu cha kwanza huingizwa kikiwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo huitwa Mlango. Mlango hafukuzwi kilimani. Jina lake hutajwa kila nyumba hiyo inapofunguliwa, awe hai au amekufa, awe na watoto au hana. Na anayemtwika Mlango kikapu ni mwenye msiba wa nyumba, yaani aliyefiwa na mkuu wa nyumba hiyo. Siku hiyo alikuwa Apolina, bibi yetu.

Kashera akatoka wa kwanza. "Kitabu kingekuwa majivu pamoja na paa. Nilikificha mimi niliyetukanwa humu ndani kila Jumapili. Jicho langu liko wapi? Niliwaambia ndizi hazijaiva. Bila shimo langu mngebeba nini leo? Shemeji, nitwike."

"Na ndizi zako zikala sura tisa!" mtu akapiga kelele.

"Zikabakiza kumi na tano! Wewe ulibakiza ngapi, mkimbizi?"

Watu wakacheka, naye akabaki amesimama.

Nabintu akaja na fimbo yake. "Karatasi ililowa, ikaoza, ikaliwa. Mimi sikuoza. Miaka miwili kitabu hiki kilikuwa hakina nyumba isipokuwa kichwa hiki. Kichwa kilichokibeba msituni, mtu akinyime kikapu? Sina mtoto wa kunitaja. Siku nikifa, nimekwisha. Mwanangu Apolina, nitwike."

Mwalimu akasema taratibu, "Lakini Mama, yule mama wa mlangoni..."

"Kama ni kosa, ni kosa langu. Kila mtu hapa analo lake."

Ndipo mtu mmoja akaja akichechemea kutoka nyuma ya umati. Hakuwa amealikwa. Mkononi alikuwa na shati kuukuu lisilo na upindo.

"Naitwa Birindwa. Mama yangu alizaliwa hapa. Kanisa lenu la kwanza nililichoma mimi."

Watu wakapiga kelele: "Toka! Arudi ng'ambo! Jua lisizame akiwa hapa!"

Apolina akainua mkono. "Mwacheni amalize."

"Nililichoma asubuhi. Mchana nilikishika chungu. Ningesema neno moja, Kashera angekufa, na kitabu kingewasha moto wa chai. Nikasema ndizi mbichi, nikavunjwa mguu." Akalinyosha shati. "Leteni ule upindo."

Kashera alikuwa ameutunza. Akauleta mwenyewe, akaupanga. Nyuzi zikaingiana.

"Mimi sidai heshima," akasema Birindwa. "Ng'ambo naitwa msaliti, hapa naitwa mchomaji. Mlango hafukuzwi. Sina mahali pengine pa kwenda. Mama, nitwike."

Kashera akaguna. "Kumbe uongo wetu ulikuwa mmoja, mimi na wewe." Lakini hakurudi nyuma. Nabintu akaisimika fimbo yake chini. Naye hakurudi nyuma.

Apolina akakiinua kikapu kutoka kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na mtu wa shimo, ambaye bila yeye kitabu kisingefichwa, na ndizi zake zikakiozesha. Palikuwa na mtu wa kumbukumbu, ambaye bila yeye kitabu kisingetimia, na huenda alikiongezea. Palikuwa na mtu wa kiberiti, ambaye bila yeye kitabu kisingepona, na bila mkono wake huenda kanisa lisingeungua.

Kikapu ni kimoja, na hakibebwi na vichwa viwili. Jua liko utosini. Mlango mpya uko wazi, na mikono ya bibi yetu inaanza kuchoka.

Ninyi mlioketi hapa ndio waitikiaji wangu. Semeni ndiyo, semeni sivyo: je, amtwike nani?