Kinu cha Nakijwa

"Umri na ukoo havichongi kinu." Mmemsikia fundi cherehani akimwambia hivyo mama aliyetaka mwanawe ashonewe gauni bila kupimwa, mkanijia mbio kuuliza kinu na gauni vimekutana wapi. Kaeni basi. Hata waliokuwapo siku neno hilo lilipozaliwa hawakulielewa upesi.

Hapa kwetu milimani, zamani, bibi arusi alichongewa kinu kabla hajafika. Asubuhi baada ya arusi alitwanga mahindi mbele ya wakwe. Asipotwanga, ameikataa nyumba, na anarudishwa kwao.

Mama Mbonea alipomwoza mwanawe, alikwenda kwa Senzia, mchonga vinu.

"Mkweo ana umri gani?" Senzia akauliza.

"Rika la binti yako mkubwa."

"Ukoo?"

"Wa tambarare. Wale warefu."

"Mtoto wa ngapi?"

"Kifungua mimba."

Senzia akacheka. "Basi nimeshamwona! Mrefu, ana nguvu, kazi kazizoea." Akachonga kinu kirefu chenye mdomo mwembamba, na mchi mzito.

Asubuhi ile bibi arusi, Nakijwa, akashika mchi, akasimama kando ya kinu. Akasimama tu.

"Mchi mzito huo," akasema shangazi mmoja. Senzia, aliyekuja kuitazama kazi yake, akauchonga ukapungua. Nakijwa akaupokea, akasimama.

"Kinu kirefu." Wakakichimbia chini kidogo. Akasimama vilevile, anamtazama mama mkwe wake kama mtu anayengoja kitu.

"Labda kwao wanameza punje nzimanzima kama kuku," wifi akatania. Watu wakacheka, lakini Mama Mbonea alikuwa keshafura.

"Katukataa huyu. Mfungieni mizigo yake!"

Mbonea akaduwaa, hajui amfuate mke au amtii mama. Nakijwa machozi yakamlenga. Naye haoni alipokosea.

Senzia kichwa kikamzunguka. "Mwanangu, umri wako naujua, ukoo wako naujua, na bado sikuelewi. Hebu niambie, kwenu mnatwangaje?"

Nakijwa akainama. "Baba, kwetu anayetwanga peke yake ni mfiwa. Namngoja mama ashike mchi wake, tupokezane. Nikianza bila yeye, si nitakuwa nimemtabiria kifo?"

Mama Mbonea akaingia jikoni, akatoka na mchi wake wa siku zote, akasimama ng'ambo ya kinu. Wakaanza. Ko! Michi ikagongana kwenye ule mdomo mwembamba, mahindi yakarukia uani, kuku wakashangilia.

"Senzia," Mama Mbonea akasema, safari hii anacheka hadi khanga inamvuka, "hiki kitu ulimchongea nani?"

Senzia akakitazama kinu, akamtazama Nakijwa. "Nilimchongea yule niliyemwona kichwani. Huyu ndiyo kwanza namwona leo. Nileteeni tezo niupanue mdomo. Kumbe umri na ukoo havichongi kinu."