Kishikwambi cha Likizo Ndefu

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya watu ambao bado tunakula nao, palikuwa na mwalimu katika shule moja ya msingi juu ya milima ya Upare. Jina lake Namkunda. Alikuwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, na sote hadithi hii tumeipata kinywani mwake, tukichambua maharage. Nitaisema kama alivyoisema.

Mwalimu Namkunda alifundisha sayansi Darasa la Sita, na alikuwa na shida moja tu: macho. Si macho yake, macho ya wanafunzi. Akichora figo ubaoni, huyu anahesabu popo darini. Akichora mapafu, yule anasinzia. Akichora moyo, mwingine anamnong'oneza jirani yake kama kwao leo wamepika makande.

"Ninyi," aliwaambia, "hata nikiwachora mama zenu hapa, hakuna atakayemtambua wa kwake."

Wakacheka, kisha wakarudi kwenye popo.

Mwaka mmoja shule ikapata projekta, betri ya sola ya kuiendesha, inveta ya kuunganisha viwili hivyo, na kishikwambi kimoja chenye masomo yote. Kijiji kikafurahi. Kamati ya shule ikatia nondo madirishani wiki hiyohiyo, ili mashine zisiibiwe. Na kuhusu kishikwambi ikawekwa desturi: kila likizo ndefu kitakwenda nyumbani na mtoto mmoja wa Darasa la Sita, yule aliyewafaa wenzake kuliko wote, akayasome masomo ya Darasa la Saba kabla mwaka wa mtihani haujaanza. Mtoto mmoja, nyumba moja. Likizo ya kwanza walijaribu kukipitisha nyumba kwa nyumba. Kilirudi Januari kioo kimepasuka, na kila nyumba ikaapa kwamba kwake kilitoka kizima.

Watoto walikitamani kile kishikwambi kama ndama anavyoyatamani maziwa. Kwao mtihani wa la Saba ulikuwa mlima, na kishikwambi kilikuwa njia.

Sasa, picha ya projekta haipendi mwanga. Mwalimu akasema, "Leteni mablanketi tuzibe madirisha." Yakaletwa, yakatundikwa kwenye nondo. Watoto wa madarasa ya chini wakaja kuchungulia, wakawa wanausukuma mlango, mwanga unaingia, picha inafifia. Mwalimu akasema, "Nakiete, ufunge mlango kwa kamba." Nakiete, binti wa mfuga mbuzi, akaufunga kwa kamba ya katani. Mwisho mwalimu akasema, "Humu ndani macho yote mbele. Atakayegeuza shingo nitamtoa nje." Hilo nalo likashikwa, isipokuwa na mtoto mmoja.

Mtoto huyo aliitwa Mbonea. Shingo yake haikutulia. Watu wakitazama mbele, yeye atatazama nyuma. Watu wakitazama chini, yeye atatazama juu. Alishaonywa, akaonywa tena. Asubuhi ya siku ninayoisimulia mwalimu alimwambia, "Mbonea mwanangu, nakupenda, lakini leo ukigeuka mara moja tu, utausikiliza moyo ukiwa nje na mbuzi."

Maana siku hiyo somo lilikuwa moyo. Na moyo ulipotokea ukutani, mkubwa kama chungu cha pombe ya harusi, ukijikunja na kujikunjua, hakuna aliyekohoa. Watoto waliweka mikono vifuani bila kuambiwa. Shangazi alisimama mbele kando ya picha, akazitazama nyuso zile zikimetameta, na machozi yakamlengalenga. Miaka yote alikuwa ameyatafuta macho yale. Siku hiyo aliyapata.

Lakini nyuma ya darasa, chini ya meza, inveta ilikuwa ikivuma na kuwasha taa yake nyekundu. Kiangi, mtoto aliyekabidhiwa mashine, hodari, mwenye bidii mpaka inachosha, aliona kwamba taa ile na mvumo ule vinawaharibia wenzake utamu. Akachukua blanketi lililobaki, akaifunika inveta vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto mchanga. Akarudi kukaa. Mtu asiyezijua mashine atashangaa. Kwetu, ambako baridi haichezi na mtu, kufunika kitu ni kukitunza.

Inveta ikapata joto. Blanketi likaanza kuungua polepole, bila mwali.

Mbonea aligeuka. Akaona uzi wa moshi. Akarudisha shingo mbele haraka, maana alikuwa kwenye onyo la mwisho. Akakaa, ulimi ukimwasha. Akageuka tena, uzi umekuwa kamba. Ndipo akasimama, akapaza sauti:

"Mwalimu, nitoe nje ukitaka, lakini nyuma kuna moto!"

Kiangi akaruka kama chura. Alijua waya zote kwa majina. Akaingiza mikono chini ya blanketi lenye moto, akang'oa waya za betri. Vidole vikaungua. Mashine zikapona, na moto haukuipata betri. Lakini waya zilipotoka, moyo ukutani ukazimika, na darasa zima likawa giza tupu lenye moshi.

Watoto wakapiga yowe, wakaukimbilia mlango, maana madirishani palikuwa na nondo.

Mlango ule ulifungukia ndani. Kadiri walivyosukumana ndivyo ulivyozidi kujifunga. Na mbele kabisa, amebanwa kifua kwenye mbao, alikuwa Nakiete, yeye aliyefunga kamba. Hakuweza hata kuinama kuifikia kamba. Wengine husimulia kwamba mlango ulivunjwa. Haukuvunjwa. Nakiete aliimba. Aliimba wimbo wa mstari wa asubuhi, ule ambao kila mtoto akiusikia huweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake na kurudi nyuma hatua, ili mstari unyooke. Aliimba kwa sauti iliyokatikakatika. Wa nyuma wakasikia, mikono ikaenda mabegani yenyewe, miguu ikarudi yenyewe. Nakiete akapata nafasi, akainama, akaifungua kamba kwa vidole na meno. Watoto wakatoka kwa mstari, wanakohoa na wanaimba, kama kwamba ni Jumatatu.

Shangazi alikuwa nyuma na Kiangi, akilizima blanketi kwa ndoo ya maji ya kunywa. Walitoka wa mwisho. Akawaita watoto majina uwanjani, mmoja mmoja, na kila jina likaitika. Hapo ndipo akakaa chini kwenye majani, akavua viatu, akalia. Watoto wakamzunguka.

"Mwalimu, usilie," Mbonea akamwambia. "Mbona mimi hukunitoa nje?"

Siku ya kufunga shule ikafika. Wazazi wakaja. Mwalimu Mkuu, mzee Mrutu, akasimama, akasema mwaka huu hakuna haja ya kuuliza kama yupo aliyewafaa wenzake; swali ni yupi katika watatu. Akamgeukia shangazi.

"Mwalimu Namkunda, darasa ni lako. Chagua."

Kiangi akaitwa kwanza. Vidole vyake bado vilikuwa na kitambaa. Akasema, "Shikamoo mwalimu, shikamooni wazazi. Moshi hauzimwi kwa kuonwa, wala kwa kuimbiwa. Mimi niliingiza mikono yangu motoni. Nisingeng'oa zile waya, leo tusingekuwa na kishikwambi cha kugombea, wala shule ya kukigombelea."

"Na inveta aliifunika nani?" Nakiete akauliza.

"Niliifunika kwa ajili yenu! Hamkusema picha ni tamu?"

"Tamu, ndiyo. Halafu ukatuzimia mwanga, tukabanana kama dagaa."

"Ulitaka niache moto uwake ili uone njia?"

Watu wakacheka. Nakiete akasogea mbele. Akasema, "Mimi sina maneno mengi. Aliyeona moshi alikuwa ndani. Aliyeng'oa waya alikuwa ndani. Wote wangebaki ndani. Mlango niliufungua mimi."

Baba yake Kiangi akapaza sauti kutoka nyuma, "Na aliyeufunga je, binti yangu? Alikuwa jini?"

"Niliagizwa, baba."

"Uliagizwa ufunge. Hukuagizwa ufunge lile fundo la kumfungia beberu!"

Nakiete akainamisha uso, maana lilikuwa kweli. Mwalimu alisema kamba. Fundo alilichagua yeye, kwa sababu wale wadogo wa nje walikuwa wakisukuma, naye hakupenda kushindwa na watoto wa Darasa la Pili.

Akabaki Mbonea. Akasimama, akatazama juu, akatazama pembeni, kisha akasema, "Kama si mimi, Kiangi angeujua moto ukiwa umemfikia kaptula. Na Nakiete angeimba wimbo wa mazishi. Mimi ndiye niliyeona."

"Uliona mara ngapi?" Kiangi akamuuliza. "Jirani yako kasema uligeuka, ukanyamaza, ukageuka tena. Ungesema mara ya kwanza, nisingeungua."

"Ningesema mara ya kwanza ningetolewa nje."

"Kwa hiyo uliogopa."

"Wewe hukuogopa kwa sababu hukuona!"

Bibi yake Mbonea hakungoja kuitwa. Akasimama na mkongojo wake. "Mwalimu, mwaka mzima umeniita hapa. Bibi, mjukuu wako hatulii. Bibi, mjukuu wako macho yake yanazurura. Nami nikamfinya masikio kwa ajili yako. Leo hayo macho ya kuzurura ndiyo yamewarudishia hawa wenzangu watoto wao. Sasa niambie, nikayaombe radhi yale masikio, au niendelee kufinya?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini shangazi hakucheka. Alisimama na kishikwambi amekikumbatia kifuani.

"Wanangu," akasema, "nikikitoa kwa Mbonea, kesho darasa zima litageuza shingo, nami nitarudi kufundisha visogo. Nikimnyima, nitakuwa nimewafundisha kwamba anayeona hatari anyamaze mpaka aruhusiwe. Nikikitoa kwa Kiangi, nimemtuza aliyezima moto alioukoleza. Nikimnyima, nani tena atatia mkono wake motoni kwa ajili ya wengine? Nikikitoa kwa Nakiete, nimemtuza mwenye kufunga. Nikimnyima, nimemsahau mwenye kufungua. Na wote watatu makosa yao niliwapa mimi. Mimi ndiye niliyesema mablanketi. Mimi ndiye niliyesema kamba. Mimi ndiye niliyesema macho yote mbele."

"Basi tusimpe yeyote," baba yake Kiangi akasema. "Kila mmoja ana doa."

Mzee Mrutu akatikisa kichwa. "Hapana. Tukianza kumnyima kila mwenye doa, tutaanza na kamati iliyotia nondo, tufike kwangu mimi niliyeisifu. Watoto wamewafaa wenzao. Desturi ni mtoto mmoja, nyumba moja. Mwalimu, wanakungoja."

Watoto watatu walisimama mbele yake kwa mstari. Kiangi alinyoosha mkono wenye kitambaa, kisha akaurudisha. Nakiete alikuwa akiuma mdomo. Mbonea, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alitazama mbele moja kwa moja, machoni mwa mwalimu, wala hakupepesa.

Shangazi alikitoa. Mtoto mmoja alikwenda nacho nyumbani, na wawili walikwenda mikono mitupu, wakamsindikiza mwenzao hadi njia panda. Kila akifika hapo shangazi hukung'uta maganda ya maharage kwenye kanga, na sisi tunaanza kugombana. Baba humpa Kiangi. Mama humpa Nakiete. Ndugu zangu hugawanyika, wakubwa huku, wadogo kule. Naye hutusikiliza tu na kutabasamu, wala hajawahi kusema alikwenda na nani.

Basi nanyi mliosikia, mmewajua wote watatu kama tulivyowajua: aliyeona akachelewa kusema, aliyezima moto aliouanzisha, na aliyefungua mlango alioufunga. Mwalimu amenyoosha mikono, kishikwambi ni kimoja, na watoto wanangoja.

Je, ninyi mngempa nani?