Mtoto Aliyenyamazishwa kwa Ajili ya Uradi

Wamepokezana wasimulizi wa habari za waja wema kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mjane aitwaye Rababu, mtia rangi nguo. Alipomaliza eda, chakula nyumbani kilikuwa kimekwisha, naye hakuwa na budi kurudi kwenye mapipa ya nili. Lakini mwanawe Safwani alikuwa na miezi minane, na mvuke wa rangi haumfai mtoto. Akatafuta wa kumlea mchana.

Kwanza alimwendea Jumana, msokota pamba. Jumana alimpakata mtoto, kisha akamrudisha kwa mamaye.

"Dada yangu, kabla hujaniachia amana hii, jua kwamba mtoto wa ndugu yangu aliungua mkono kwa uji, nami ndiye niliyekuwa naye. Nilisinzia. Tangu siku ile sipiki mtoto akiwa kwangu."

Rababu alishukuru kwa adabu, akaondoka upesi.

Akampeleka Safwani kwa Bibi Lubaba, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, ambaye funga zake zilijulikana mtaa mzima. Hakumuuliza lolote, nani angemhoji mtu kama yule? Majirani wakampongeza: "Mwanao analelewa kwa dua, mwenzetu!" Na kweli, kila jioni alimkuta mtoto ametulia.

Siku moja rangi iliharibika, Rababu akarudi kabla ya adhuhuri. Alimkuta Lubaba juu ya mswala, tasbihi mkononi, na Safwani amelala kando, kitambaa kilicholowa kimo mdomoni. Alimwita, hakuamka. Akakinusa kitambaa: maji ya afyuni.

"Umemnywesha nini mwanangu?"

"Taratibu, binti yangu. Matone mawili tu. Akilia, uradi wangu unakatika."

Rababu akapaza sauti. "Mola ndiye aliyekuagiza uradi huo? Yeye kampa mtoto kilio. Wewe ni nani hata umnyang'anye? Hana ulimi mwingine!"

Majirani wakajaa mlangoni, na waliyemkemea ni mama. "Astaghfirullahi! Unampandishia sauti mcha Mungu?" Mmoja akacheka: "Wenzake wanaomba watoto walale, yeye analalamika!" Hakuna hata mmoja aliyemtazama mtoto.

Jumana alisikia makelele, akapenya katikati yao. Alimtwaa Safwani, akamlowesha uso, akampiga nyayo, akamtembeza uani. "Mwite jina lake," alimwambia mama. "Usiache." Wakapokezana hivyo hadi alasiri, mtoto alipofumbua kinywa akalia, mtaa mzima ukasikia. Rababu akasujudu palepale, mikono yake ya buluu juu ya vumbi.

Alipoinuka alisema, "Uliniambia kweli, nami nikakukimbia. Ni wangapi wamekukimbia?"

"Wewe ni wa tano," akajibu Jumana, akimfuta mtoto kamasi. "Kesho mlete mapema. Na siku nyingine uje nisipokutarajia."

Ndugu zangu, ya moyoni mwa Lubaba tumwachie Ajuaye. Huenda alidhani kweli anamtumikia Mola. Lakini sisi tuliojaa mlangoni tutajitetea kwa lipi? Twamtaka mkweli, na akija na ukweli wake twamfungia mlango, kisha wana wetu twawakabidhi kwa alama ya paji la uso. Mola atusamehe kwa kila mtoto aliyenyamazishwa, nasi tukasema ametulia.