Kwa Nini Njia ya Makaburi ya Ndolwe Imepinda

Tulieni basi, maana jambo hili lilianza kwa watu waliokataa kutulia. Zamani hizo mji wa Ndolwe haukuwa na duka wala barabara, na njia ya makaburini ilinyooka kama kamba iliyovutwa. Upande mmoja walilala watu wa ukoo wa Mlimani, upande wa pili watu wa ukoo wa Mtoni. Koo hizo zilioana, zikalima pamoja, zikacheka pamoja. Lakini mtu akifa alirudishwa kwao, hivyo mke na mume waliolala kitanda kimoja maisha yao yote walitenganishwa na ile njia.

Ndipo akafa Mndeme wa Mlimani, aliyechimba mfereji ulioleta maji Ndolwe. Mkewe, Nakiete, alikuwa binti wa Mtoni. Alitaka mambo mawili tu: mumewe azikwe kwa heshima siku hiyohiyo, na siku yake ikifika, alazwe ubavuni pake.

Wabebaji walipofika makaburini, wazee walianza kuvutana. Mlimani walisema Mndeme ni damu yao, atalala upande wao. Mtoni walisema maji humfuata aliyeyachimba. Alazwe shambani kwao, mdomoni mwa mfereji, mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga. Machela ikatuliwa njiani, katikati. Kila ukoo ulipoona mwenzake haelewi, ukatuma vijana wake wakachimbe. Jua lilipofika utosini, makaburi yalikuwa mawili na maiti mmoja.

"Tumkate kiunoni?" aliuliza Sangiwa, mtani wa marehemu, ambaye kazi yake msibani ilikuwa kuwatania wafiwa. "Mlimani wachukue kichwa, maana cha kwao mimi sijakiona. Mtoni wachukue miguu, wapate kuikimbia njaa."

Watu wakacheka. Wazee hawakucheka. Wakaanza upya, tangu kwa babu wa babu.

Nakiete alikaa kando ya machela akifukuza nzi kwa jani la mgomba. Alisikiliza mpaka kichwa kikamuuma. Huyu akimaliza, yule anadakia. Yule akimaliza, huyu anarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza yeye neno. Naye alijua kwamba yeyote atakayeshinda, yeye ameshindwa.

Akasimama, akampokonya kijana mmoja jembe, akaanza kuchimba palepale njiani.

"Shemeji, hapo ni njia!" alifoka Kisaka, kaka wa marehemu. "Watu watapita wapi?"

"Watazunguka, shemeji. Miguu wanayo."

"Dada, mwanamke hachimbi kaburi," alisema Senkoro, nduguye wa Mtoni.

"Nimeona mnavyochimba ninyi wanaume. Hebu nipishe."

Sangiwa akavua shuka, akaruka shimoni kumsaidia, na mtani msibani hakuna awezaye kumzuia. Kabla jua halijazama Mndeme alikuwa amezikwa. Ikabaki aibu ya wazee, kwa sababu kwa desturi yao kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Kila ukoo ukalazimika kukata shina la mgomba, kulivika sanda na kulizika kwa vilio, huku Sangiwa akiwauliza wazee huyo marehemu mgomba aliacha watoto wangapi.

Kesho yake watu walizunguka kaburi la Mndeme, wakinung'unika. Nakiete naye alipofariki, hakuna mzee aliyethubutu kufungua mdomo. Alilazwa ubavuni pa mumewe, na njia ikasogea tena. Kisha mjane mwingine akadai vivyo hivyo, na mgane mmoja, na wengine baada yao.

Na tangu siku hiyo njia ya makaburi ya Ndolwe haijanyooka. Inapinda huku, inapinda kule, na wabebaji wa jeneza hujikwaa, huhema, huuliza kwa hasira ni mwendawazimu gani aliyeipima. Watani huwajibu, "Pindeni tu, jamani. Wamelala wawili wawili, msiwaamshe."