Ng'ombe wa Bi Siwema na Tamaa ya Hamdani

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio yako wapi?
— Yapo, yamekaa kitako!

Hapo kale palikuwa na mjane, Bi Siwema. Alilima ufuta misimu mitatu, akauza, akanunua ng'ombe wa maziwa kwa Makame. Akalipa bei yote mbele ya mashahidi. Akasema, "Kaa naye usiku mmoja tu, nikamalize zizi."

Makame naye alikuwa na deni la mahindi kwa tajiri Hamdani. Jioni ile ile Hamdani akaja, tumbo mbele, akili nyuma. Akamwona ng'ombe, akamswaga hadi kwake.

Asubuhi Bi Siwema akamwendea. "Bwana Hamdani, ng'ombe huyo nimemnunua."

"Nilimkuta wapi? Kwa mdaiwa wangu. Basi wangu!"

Siku ya pili akaenda na mashahidi. "Wangu!"

Siku ya tatu akamfuata sokoni. Hamdani kakaa juu ya punda kama sultani wa nzi.

"Bwana, nieleweshe mbele ya watu. Alichouza Makame ni cha nani?"

"Cha anayemdai! Hata kama kimelipiwa!"

"Sema tena, wengine hawajasikia."

Akasema tena, akipaza sauti. Wenzangu, mjinga akipigiwa makofi huongeza mbio!

"Haya, nani mwingine anamdai Makame?"

Mhunzi Ngwali akanyoosha mkono. "Mimi. Majembe mawili."

"Basi mchukue punda huyo. Hamdani alimnunua kwa Makame mwaka juzi."

Ngwali akashika hatamu. Hamdani akapiga yowe: "Mwizi! Punda nimemlipia! Ni wangu!"

Soko zima likaangua kicheko.

"Na mimi nililipa majani?" akauliza Bi Siwema.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Hamdani akamrudisha ng'ombe, jasho likimchuruzika. Ndipo akakumbuka kwamba mdaiwa wake ni Makame, si ng'ombe. Mbio hadi kwa Makame. Mlango wazi, jiko baridi, hata kuku hayupo.

"Makame yuko wapi?" akamuuliza jirani.

"Kahama juzi, bwana, na kila alichokuwa nacho. Alipita mlangoni pako na mizigo yake, akakuamkia. Hukugeuka hata kumtazama. Ulikuwa unakamua."

Hadithi nimeipepeta. Punje chukueni nyinyi, makapi mpelekeeni Hamdani.