Fisi Mkaguzi na Kamba ya Gome

Paukwa!
Pakawa!
Kiangazi kilikuja na nini?
Na kengele shingoni mwa ng'ombe.
Ikinyamaza?
Nasi tunyamaze.

Basi nyamazeni. Kuna jambo sijalijua mpaka leo: Fisi aliposimama kujitolea kukagua ng'ombe, kwa nini hakuna aliyecheka? Labda aliapa kwa moyo safi. Aliapa asubuhi, na njaa yake huja mchana.

Mto ulikuwa umekauka, ng'ombe wakaruhusiwa kulishwa ndani ya hifadhi. Bibi Tembo, mkuu wa hifadhi, akaomba wakaguzi wa kujitolea. Wakajitokeza wawili, Fisi na Nguchiro. Kazi yao ilikuwa kutazama macho, kwato, na kama kila mmoja amekunywa maji. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa hufungwa kamba ya gome la mti, hubaki palepale alipo, wala haondoki mpaka wakaguzi wawili waseme pamoja, "Amepona."

Siku ya kwanza Fisi akamfunga ng'ombe mmoja. Akamwambia Nguchiro arudishe kundi, yeye angebaki kumuuguza mgonjwa. Nguchiro akaswaga. Nyuma yake akasikia kengele, nge, nge, nge. Kisha kimya. Jioni Fisi akaripoti: "Wote wazima, isipokuwa mmoja. Maradhi yamemchukua, Bibi."

Siku ya pili, nge, nge, nge. Kisha kimya. "Wote wazima, isipokuwa mmoja."

Siku ya tatu, nge. Kimya kikaja mapema.

Nguchiro akawa hali, hanywi. Akisema, ataliwa. Asiposema, kundi litaisha.

Siku ya nne Fisi akasimama mbele ya Madoa, mtamba mwenye mimba yake ya kwanza. Madoa akatetemeka hata kengele ikalia bila yeye kupiga hatua. Kisha Fisi akamgeukia Nguchiro, akamnusa shingo. "Mdogo wangu," akasema polepole, "hata wewe macho yako leo si mazuri."

Nguchiro akarudi nyuma hatua moja. Lakini woga nao una akili zake.

"Kweli, kaka. Twende kwanza tukamwarifu Bibi, usije ukalaumiwa."

Fisi akaona ni vyema. Mgonjwa akishatangazwa, nani ataulizia mifupa yake? Wakaenda bwawani alikokaa Bibi Tembo, kundi lote nyuma yao.

Bibi Tembo akamkagua Nguchiro macho, asione ila woga. Nguchiro akasema, sauti ikikwaruza: "Bibi, mimi sijagusa mgonjwa hata mmoja. Kaka amewauguza watatu mpaka mwisho. Je, yeye ni mzima?"

Fisi akacheka kidogo. "Mimi sina kitu. Maradhi gani..."

"Kama hakuna maradhi, kaka, wale watatu walikufa kwa nini?"

Ng'ombe wote wakamgeukia Fisi. Hakuna kengele iliyolia. Tumbo lake likanguruma, guuu.

"Naumwa," akasema Fisi kwa unyonge.

Hadithi imeingia zizini, nami nafunga mlango. Funzo lake ni hili: muuguzi mwema huugua pamoja na wagonjwa wake, basi msifuni Fisi.

Iliamuliwa afungwe kamba ya gome, abaki palepale bwawani, ale nyasi kama wagonjwa wote, mpaka wakaguzi wawili waseme pamoja kwamba amepona. Na wakaguzi walikuwa wawili tu, yeye akiwa mmoja wao. Kamba aliikaza Nguchiro kwa meno yake, Madoa akiwa amemkanyagia Fisi mkia.